Jiwe Ambalo Halikuwamo

Kasulu, karakana, saa tisa alasiri

Spesioza mwanangu,

Wewe uko Heru Juu kumuaga Bibi, na mimi nimejifungia karakana. Mama yako anadhani napanga vifaa. Nimeweka kiti nyuma ya mlango ili asije akaingia ghafla, jambo la kijinga kwa sababu mlango wenyewe unafungukia nje, lakini unanijua. Nikiogopa lazima niweke kitu nyuma ya kitu.

Na leo naogopa. Naogopa basi la kesho alfajiri na dereva nisiyemjua, naogopa ukungu wa huko mbele kwenye milima. Naogopa Mwanza unakokwenda kuanza kazi, ambako sina hata mtu mmoja wa kumpigia simu aje kukuchungulia. Hofu hizi ni za kawaida, zitapungua ukinipigia kwamba umefika. Iliyonifanya nijifungie humu ni nyingine. Ina umri mkubwa kuliko wako, na nimeishi nayo mpaka nikaizoea kama mtu anavyozoea mguu mbovu.

Sitakuambia habari za maji ya kuchemsha, wala soksi, wala marafiki wa kuchagua. Mama yako ameshamaliza hayo yote, na mengine ameyarudia mara mbili. Mimi nataka kuanza na kile kipande cheupe ulichokileta ulipomaliza mafunzo kwa vitendo.

Unakumbuka ulivyokiweka juu ya meza ya chakula. Kilikuwa cheupe, laini, kikubwa kama sabuni ya kipande iliyotumika nusu. Nikakigonga na ukucha, nikasema kauri hiyo. Ukacheka. Ukachukua drili yangu ya kawaida, ile ninayotobolea mbao, ukakibana kile kipande kwenye jiliwa, kibano changu cha mezani, ukaanza kukitoboa. Mimi nikafumba macho na kukinga uso kwa mkono, kwa sababu miaka thelathini nimeishi na kauri, na najua kauri ikitiwa drili ya mbao inafanyaje. Nikasubiri vipande viruke. Havikuruka. Nikafungua jicho moja, nikaona unga mweupe unashuka taratibu mezani, na tundu safi katikati, kama umetoboa mti wa mninga.

"Baba, unaweza kufumbua na la pili," ukaniambia.

Ukanieleza, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa mwanafunzi wako. Ukasema kinaanza kama kioo. Wanakiyeyusha, wanakimimina, kinapoa kikiwa kioo tu. Kisha wanakirudisha kwenye moto, moto wa kupimwa, na humo ndani ya kioo vinaota vijigamba vya ulanga, vidogo hata jicho halivioni, vimelaliana huku na huku. Ulanga ule ule uliokuwa ukiuokota mtoni ulipokuwa mdogo, ukauficha kwenye kopo la maziwa ukidhani ni fedha. Ufa ukianza, ukasema, unakwenda kidogo, unakutana na gamba, unageuka, unakutana na lingine, unachoka. Ndiyo maana kinakubali kutobolewa na kukerezwa, na kwa kuwa kimeshapita motoni, kipimo ulichokikata ndicho kitakachobaki. Kauri yangu sivyo. Kauri ukiianza ni tope, ukiichoma inasinyaa, na ikishaiva haitaki chuma chochote isipokuwa almasi. Na ufa ukiingia kwenye kauri hauna wa kuuzuia.

Halafu ukasema maneno ambayo huenda umeyasahau. Ulisema, "Yaani Baba, huku ufa siyo ishu."

Nilicheka pamoja nanyi. Baadaye nilikwenda chooni nikakaa huko muda mrefu. Nitakuambia kwa nini.

Nilipokuwa kijana wa Busunzu, kabla sijamwoa mama yako, nilijifunza kazi ya meno bandia Kibondo mjini, kwa Mzee Alfani, mzee wa Kiislamu aliyetoka Ujiji. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya maduka. Alikuwa na tanuri dogo la umeme lililotegemea jenereta ya jirani, na alilitunza kuliko alivyotunza afya yake. Kazi ya kauri alinifundisha kwa mkono, maneno machache. Unga unauchanganya na maji, unaupaka kwa brashi juu ya umbo la jino, tabaka baada ya tabaka. Jino unalifanya kubwa kuliko linavyotakiwa, kwa sababu moto utalipunguza, na fundi ni yule anayejua litapungua kiasi gani. Kisha linaingia motoni. Kisha unazima, unafunga, unaondoka. Hapo ndipo Mzee Alfani alipokuwa mkali. Mlango wa tanuri haufunguliwi mpaka tanuri lenyewe limepoa. Aliwahi kunipiga kofi la mkono kwa kuugusa tu.

Mama yako alikuwa mwalimu mpya pale Busunzu. Alianguka na baiskeli kwenye mteremko, jino la mbele likavunjika likabaki kisiki. Alikuja karakana akizungumza nami mkono ukiwa mdomoni. Kila alichosema alikisema nyuma ya vidole. Sikuona mdomo wake kwa wiki mbili, na nilishampenda.

Basi tukakubaliana mambo mawili kwa wakati mmoja, jino na ndoa. Siku ya kujitambulisha kwao Heru Juu ikapangwa, Jumamosi. Mama yako, Edita, akaniomba kitu kimoja tu. Asiwe na pengo siku hiyo, mbele ya shangazi zake. Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

Jino la kwanza halikukaa sawa. La pili lilitoka na rangi ya meno ya mvuta sigara. Ikafika Ijumaa nikiwa naanza la tatu, Mzee Alfani amekwenda Kigoma kwenye msiba, na mwenye jenereta ameshaniambia saa kumi na moja anazima. Nililichoma. Moto ulipozimwa nikakaa mbele ya tanuri nikiangalia saa. Nje mvua ilikuwa inaanza, ile ya Kibondo inayotanguliwa na upepo wa baridi. Nilitakiwa kusubiri. Nikajiambia nitachungulia tu. Nikafungua mlango kiasi cha vidole viwili, upepo ukaingia kupitia dirishani, na nikasikia: tik.

Ni sauti ndogo sana, Spesioza. Kucha ikikatika inatoa sauti kubwa kuliko hiyo. Mpaka leo nikisikia bati la paa likigutuka jua linapozama, nageuka kutazama tanuri.

Nililitoa likiwa limepoa, nikaliweka chini ya taa. Ufa ulikuwepo, karibu na shingo ya jino, mwembamba kuliko unywele. Nililijua jina lake, nilijua utafanya nini. Kitu cha kufanya kilikuwa ni kupanda baiskeli mpaka kwa Edita na kumwambia: hapana, kesho utakwenda na pengo. Nikaogopa. Niliogopa shangazi zake, niliogopa uso wake, niliogopa kuonekana fundi asiye fundi siku ya kwanza ukweni. Nikachukua unga wa kung'arishia, ule wa kioo, nikaupaka juu ya ufa, nikambembeleza mwenye jenereta aniongezee muda, nikalirudisha motoni. Lilitoka linang'aa. Ufa haukuonekana hata kwa lenzi. Asubuhi nikamvika.

Ukweni tulikaribishwa vizuri. Sisi wanaume sebuleni, wao wanawake uani. Bibi yako wakati huo alikuwa na miaka arobaini na kitu, na alisifika Heru Juu nzima kwa mapishi. Alipika mwenyewe, hakukubali kusaidiwa: ugali wa muhogo, mbuzi, na maharage ya njano yaliyoungwa kwa mawese. Nakumbuka nilikula nikifikiri kwamba mambo yamekwisha salama.

Tukasikia kelele uani. Nilipofika Edita alikuwa amepiga magoti, mikono shingoni, anakohoa bila hewa kutoka, macho yamemtoka. Kipande cha jino kilikuwa kimekwenda njia isiyo yake. Shangazi mmoja, mwanamke mnene mwenye nguvu, alimwinamisha akampiga mgongoni kwa kiganja, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilisimama. Sikufanya kitu chochote, nilisimama nikiwa nimeshika kikombe. Kwa mara ya nne au ya tano kipande kikatoka pamoja na damu, na mama yako akavuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Nilikiokota. Nikakiangalia kiganjani. Kilikuwa kimekatika pale pale, kwenye mstari niliouficha, kama mtu aliyefuata rula.

Babu yako akauliza, "Nini kimemvunja jino?"

Kila mtu alinitazama, kwa sababu mimi ndiye fundi. Nikasema, "Ni jiwe. Kulikuwa na jiwe kwenye maharage."

"Jiwe lenyewe liko wapi?" akauliza shangazi yule.

"Atakuwa amelimeza," nikasema.

Ilitoka haraka hivyo, kama nilikuwa nimeiandaa. Sikuwa nimeiandaa. Maharage ya huku wote tunajua, yanapigwa juu ya udongo, na kijiwe kimoja hakikosi. Hakuna aliyeona ajabu. Wote wakageuka wakamtazama Bibi yako, ambaye alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

Alisema, "Niliyachambua. Ego, ndiyo, niliyachambua mara mbili."

Babu yako alimjibu mbele ya wageni, mbele yangu mimi mkwe. Alisema, "Ulitaka kuniulia mtoto kwa uvivu." Kisha akaniomba msamaha. Mimi. Aliniomba msamaha kwa niaba ya nyumba yake, na nikamwambia hakuna neno, Baba, ni bahati mbaya.

Nilidhani itakuwa ya siku moja. Nilimtengenezea mama yako jino jingine, safari hii lenye chuma ndani, nikalisubiri lipoe usiku kucha, na ndilo alilo nalo hadi leo. Tukaoana. Lakini lile neno langu halikukutana na gamba lolote la kulizuia, lilikwenda mpaka mwisho. Bibi hakupikia wageni tena. Kwenye harusi yetu alikaa pembeni wakapika wengine. Kwenye kila shughuli palikuwa na mtu wa kumtania, "Mama, jiwe umelitoa?" na watu wanacheka. Yeye akaanza kuchambua maharage mara tatu, mara nne. Anayamwaga kwenye ungo, anachagua punje moja moja, anayarudisha, anaanza upya. Watu wakasema ni uzee. Hakuwa mzee, alikuwa anatafuta jiwe.

Na wewe. Ulikuwa na miaka sita, ukatia kijiwe kwenye ungo wake kwa siri ili umtanie, kama ulivyowasikia wakubwa. Alipokiona alikishika kwa vidole viwili akakitazama, kisha akalia mbele ya wajukuu. Mama yako akakuchapa. Nilikuwa pale, Spesioza. Nilitoka nje kwenda kuangalia kama mbuzi wamefungwa. Walikuwa wamefungwa.

Utauliza kwa nini sikusema baadaye. Nilikuwa na sababu nyingi, zote nzuri. Kwanza nilijiambia tuoane kwanza. Kisha nikajiambia mkwe na mkwe hawakai wakazungumza mambo ya namna hii, kuna heshima yake. Kisha mkazaliwa. Kisha Babu yako akaugua, nikasema siwezi kumchanganya mgonjwa. Alipokufa nikasema sasa ya nini tena. Kila mwaka lilikuwa gumu kuliko mwaka uliotangulia, na kila mwaka nilikuwa najua hivyo.

Usidhani niliendelea kuharibu kazi. Mimi huyu ndiye fundi mwaminifu kuliko wote, na hilo ndilo linalonitia aibu. Wakati kambi ya wakimbizi ya Mtabila inakaribia kufungwa, alikuja mzee mmoja wa kule, aliyekuwa anarudi kwao Burundi. Alitaka meno kabla ya kuondoka. Aliniambia, "Nilitoka nikiwa na meno. Nataka ndugu zangu wanitambue." Jino lake moja lilitoka na ufa. Nikamwambia ukweli, kwamba lina ufa na lazima nianze upya, hata kama lori lake litamwacha. Alinitukana Kirundi kizima, na lori lilimwacha kweli, akaondoka na la baadaye. Nilimtazama akiondoka anang'aa meno, nikafikiri: mgeni huyu, ambaye sitamwona tena, nimemwambia ukweli bila kutetemeka. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamkuta Bibi amekuja kututembelea, yuko uani na ungo.

Sasa nisikilize juu ya kile kipande chako. Ulinieleza pia udhaifu wake, kwa sababu wewe si mtu wa kuficha. Ulisema hakipendi kubanwa sana kwenye jiliwa. Ulisema kinataka maji wakati wa kukatwa. Na ulisema drili ikikaribia kutokea upande wa pili, ukingo wa tundu unamomonyoka, ndiyo maana mnaacha unene wa ziada mkaukata mwishoni. Mnatengeneza vipande vya kuzuia umeme na joto ndani ya mashine za hospitali. Sizijui mashine hizo. Najua tu kwamba atalala mtu ndani yake au kando yake.

Itafika siku utakuwa na kipande cha mwisho, mteja yuko mlangoni, bosi anaangalia saa. Utatoboa tundu la mwisho na ukingo utamomonyoka kidogo, mahali ambapo kichwa cha skrubu kitafunika. Utakijua wewe peke yako. Na utakuwa umeambiwa darasani kwamba humu ndani ufa unachoka wenyewe. Siku hiyo ndiyo ninayoiogopa. Basi na ukungu ni mambo ya kupita. Siku hiyo naiogopa kwa sababu una mikono yangu, vidole vyako ni vyangu kabisa, hata mama yako anasema, na sijui kama unao na moyo wangu pia. Nakuomba usiwe nao.

Sikuambii usikosee. Kuchungulia tanuri ni kosa la kijana, Mzee Alfani angenichapa tena kofi la mkono yakaisha. Nakuambia jinsi lilivyokuwa dogo ile Ijumaa, kabla sijapaka kioo juu yake.

Nimejiwekea sharti. Barua hii haingii kwenye begi lako mpaka niwe nimemwambia Bibi kwa mdomo wangu. Nikishindwa nitaichoma, na hutajua. Nilikusudia kwenda Heru Juu kesho ukishaondoka. Unaona, bado naahirisha hata ninapoandika kwamba siahirishi.

Nasikia bodaboda getini.

Nimechungulia dirishani. Umemleta Bibi. Umemshusha, umemshika mkono, umemwekea mfuko wa maharage miguuni, umepaza sauti kwamba unakwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, umeondoka. Bibi ameomba mkeka. Ameomba ungo. Nasikia anamwambia mama yako, "Huko kwangu mwanga ni mbaya. Nimeyachambua mara tatu, nataka niyapitie hapa mara ya mwisho. Mtoto anakwenda mbali, asije akavunja jino huko kwa watu."

Spesioza, naweka kalamu chini. Naondoa kiti.

*

Saa mbili kasoro, nimerudi karakana.

Nilitoka nikakaa chini, kwenye mkeka wake. Hilo peke yake lilimshtua, kwa sababu sijawahi kukaa mkeka mmoja na mkwe wangu. Alisogea akajifunika kanga vizuri, akasema, "Kuna msiba?"

Nikasema, "Mama, lile jiwe la siku ya kujitambulisha. Halikuwepo."

Hakunielewa. Aliendelea kuchambua. Nikamwambia tena, nikamwambia kuhusu tanuri, upepo, ufa, unga wa kioo. Nilisema vibaya, nilianzia mwisho nikarudi mwanzo, na sauti yangu ilikuwa kama ya mtoto. Nikasema, "Maharage yako yalikuwa safi. Jino langu ndilo lilikuwa bovu, na nilijua."

Vidole vyake vikasimama.

"Nta buye?" akasema, kwa Kiha, polepole. Hakuna jiwe?

"Hakuna, Mama. Halikuwepo."

"Miaka yote hii."

"Miaka yote, Mama."

Mimi nilikuwa nasubiri anitukane, anilaani, ainuke aondoke. Hakufanya hata moja. Alisema, "Mzee wangu amekufa anajua ni mimi."

Hilo siwezi kulitengeneza, hakuna tanuri la kulirudishia. Nilisema nisamehe, Mama, na neno lenyewe lilisikika dogo mno pale uani.

Nilipoinua kichwa mama yako alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameweka mkono mdomoni, vidole vimefunika midomo, kama siku ile ya kwanza Kibondo. Aliingia ndani. Mpaka sasa hajasema nami, namsikia chumbani akikunja nguo zako ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Ukimkuta amenuna asubuhi, sababu ndiyo hii, wala usinitetee.

Bibi yeye alikaa. Baada ya muda akausukuma ungo taratibu kwenye mkeka mpaka ukagusa magoti yangu.

"Basi chambua wewe," akasema. "Mimi macho yangu yamechoka."

Akajilaza pale pale kwenye mkeka, akajifunika kanga, akafumba macho. Sijui kama alilala. Nimechambua mpaka jua lilipozama, punje moja moja, na niliogopa kila punje.

Maharage yamo kwenye begi, chini ya sweta la kijani, na barua hii nitaiweka juu yake. Nimeyachambua mimi. Nilitoa vijiwe viwili, lakini mwanga ulikuwa umeshapungua, na mikono yangu unaijua. Huenda nimeacha kimoja. Yapitie tena kabla hujapika.

Baba yako